"Ongeza baruti" ni ushauri wa kumkata mtu vidole

Kuna mzee kijiweni kwetu Majengo analalamika nguruwe pori wanammaliza shambani, huko Chamwino. Nikajua atapewa pole. Akapewa darasa: "Mzee wangu, gobole lako unalipunja. Ongeza baruti, litafika tu." Watu wakaitikia kama wako UDOM kwenye mhadhara.

Jamani! Baruti haijui kwamba kazi yake ni kusukuma goroli mbele. Ikiwaka inageuka gesi, na gesi inasukuma kote: goroli, nyuma ya mtutu, kuta za mtutu. Hapo ni mbio. Baruti inaungua, goroli linasogea kuipa gesi nafasi. Goroli likichelewa, presha inapanda. Na presha ikipanda, baruti, hasa hizi za kisasa, inazidi kuungua kwa kasi. Yote yameisha hujapepesa jicho. Kwa hiyo ukiongeza baruti nusu, usitegemee presha iongezeke nusu tu. Na mtutu wenyewe wa gobole mara nyingi ni bomba la maji.

Risasi ya bastola ya milimita 9, kwa viwango vya Ulaya, kikomo chake cha presha ni bar 2,350. Tairi la bodaboda lina bar 2 na ushee. Ndiyo maana wenye viwanda hawakisii. Karne ya 19 Andrew Noble kule Uingereza aliiacha gesi iponde kipande cha shaba, akapima kimefupika kiasi gani. Rodman, ofisa wa jeshi la Marekani, akatoboa matundu kwenye punje za baruti: punje ikiungua, nje panapungua, ndani panapanuka, presha isipande kwa kishindo mwanzoni. Leo presha wanaipima kwa fuwele zinazotoa umeme zikibanwa.

Haya, nakiri shingo upande, yule mzee hajawahi kujaza ovyo. Ana kifuniko chake cha chupa ya dawa anachopimia. Aliyetaka kumharibia ni mshauri. (Gobole bila kibali ni kosa, tusijifanye hatujui.)

Kinachoniuma zaidi ni shule. Mwaka 1742 mwanahisabati Mwingereza Benjamin Robins alieleza jinsi ya kupima kasi ya risasi kwa kuipiga kwenye ubao unaoning'inia na kuangalia umebembea kiasi gani. Ni momenta tu (tungamo mara kasi). Sisi tunaifundisha kwa vigari vya kuchora ambavyo mtoto wa Bahi hajawahi kuvishika. Funga gogo kwa kamba, lipige kwa jiwe la manati, pigeni hesabu.