Kukabidhi skripti si mwisho wa kazi
Kuna makala inayosema mwandishi wa filamu za katuni akishakabidhi skripti, kazi yake imekwisha. Hapana jamani, hapo ndipo mvutano unapoanza! Mchukueni Linda Woolverton, mwanamke wa kwanza kuiandikia Disney filamu ndefu ya katuni, Beauty and the Beast ya 1991. Alimwandika Belle, binti ambaye ndiye mhusika mkuu, akichomeka pini kwenye ramani, kuonyesha mahali anapotamani kusafiri. Skripti ikaenda kwa wachoraji wanaoigeuza hadithi kuwa picha, ikarudi binti yuko jikoni anapamba keki. Keki! Woolverton akakataa, wakavutana, mwishowe wakakubaliana Belle awe msomaji. Ndiyo maana yule tunayemjua haachani na kitabu chake.

Kwenye katuni, tukio moja linaweza kuchorwa na kuandikwa upya mara nyingi kabla halijafika kwenye rangi, na asiyekuwepo chumbani kumtetea mhusika wake atamkuta kageuzwa mtu mwingine. Beauty and the Beast yenyewe, kwa taarifa yenu, ndiyo katuni ya kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Mwaka 1994 Woolverton akawa miongoni mwa walioandika The Lion King.