Kabla ya kumcheka mwenye PHP 7.4

Hapa Kampala, mtu akifungua laptopu kwenye kikundi cha waandika programu ikaonekana bado ina PHP 7.4, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu za tovuti, wenzake huguna. Wana hoja. Toleo hilo liliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 28 Novemba 2022, na Laravel 10, kiunzi maarufu cha kujengea programu za PHP, haikubali kitu chini ya 8.1. Anayetafuta kazi leo akiwa na 7.4 peke yake anajinyima mwenyewe, na hilo sibishani nalo.

Ila kabla ya kumwita mzembe, muulizeni seva ya mteja wake, yaani kompyuta inayouendesha mfumo kwa watumiaji, ina toleo gani. Laptopu ya kazi ipo ili ikuonyeshe mapema yale mteja atakayoyaona kesho. Ikiwa na toleo tofauti na la seva, unapima kitu kimoja na kupeleka kingine.

Natunza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Nilipoitoa laptopu yangu kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04 kwenda 22.04, PHP nayo ilihama kutoka 7.4 hadi 8.1. Mfumo uliwaka vizuri, hakuna hata mstari mmoja mwekundu wa kosa. Nikafungua ukurasa wa mama mmoja aliyemaliza mkopo wake zamani, nikakuta umeandikwa: hastahili kukopa, ana deni.

Nilihangaika nao usiku mzima. Kwenye msimbo kuna sharti dogo, $deni == 0, yaani deni likiwa sawa na sifuri ndipo mtu anastahili kukopa. Rekodi za zamani ziliingizwa kutoka Excel, na kwa waliomaliza kulipa, mhasibu aliacha nafasi tupu badala ya kuandika sifuri. Katika 7.4, nafasi tupu ikilinganishwa na 0 kwa alama hizo mbili, jibu ni kwamba ziko sawa. Tangu 8.0, iliyotoka Novemba 2020, jibu ni kwamba haziko sawa. Kanuni mpya ndiyo sahihi, na ya zamani ilikuwa inatubeba tu. Lakini PHP haikosei hapo, kwa hiyo haina cha kukuonya. Anayeonywa ni mama yule, dirishani, mbele ya foleni, na kitabu chake cha akiba mkononi.

Gharama ya kuhama toleo nayo ipo. Tangu Julai 2021 bando la intaneti hapa Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12. PHP yenyewe ni ndogo. Kinachokula bando ni vifurushi vya kila mradi, vinavyopakuliwa upya toleo linapobadilika.

Kwangu mimi, presha ingewekwa kwenye seva, maana hiyo ndiyo inayokaa wazi usiku na mchana ikiwa na toleo lisilozibwa matundu. Mara nyingi anayeilipia ni mteja, na huyo ndiye wa kuelezwa, kwa lugha ya fedha zake. Kwenye laptopu hakuna haja ya kuchagua: Ubuntu inaruhusu matoleo mawili yakae pamoja, mradi wa zamani ukaendeshwa na 7.4 na mingine yote 8.3.

Ndivyo nilivyopanga yangu. Kila palipokuwa na == 0 nimepapitia kwa mkono, na nafasi tupu za Excel tumezijaza sifuri pamoja na mhasibu. Seva tutaihamisha Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa.