Kukariri vipindi vya miamba: faida iko wapi?

Mpwa wangu wa kidato cha tano, hapa Moshi, huzunguka barazani akiimba: Kambria, Odovisia, Siluria, Devonia… Vipindi vyote 12 vya umri wa miamba, kuanzia Kambria kongwe hadi Kwatenari tunayoishi sasa, bila kukwama. Juzi nikamuuliza makaa ya mawe ni ya kipindi gani. "Kaboniferasi, mjomba. Jina lenyewe linasema: chenye kubeba makaa."

Ya Uingereza, sawa. Huko ndiko jina hilo lilikotolewa mwaka 1822. Makaa yetu ya Ngaka, kule Ruvuma, ni ya Permia.

Wanaopinga kukariri watashangilia hapo, na wana haki yao. Majina haya yamebeba ramani ya Ulaya: Kambria ni Wales, Devonia ni Devon, Permia ni Perm ya Urusi, Jurasiki ni milima ya Jura. Na mfuatano wenyewe haukushuka kutoka mbinguni. Wanajiolojia wa Uingereza, Sedgwick na Murchison, waligombea mpaka wa Kambria na Siluria hadi wakazikwa, ndipo mwaka 1879 mwenzao Lapworth akapenyeza Odovisia katikati.

Hata hivyo, mimi naegemea upande wa pili, na sababu naiona kila asubuhi mawingu yakifunguka. Kilimanjaro haujafikisha miaka milioni 3. Karibu wote ni wa Kwatenari. Sasa pita uwanja wa ndege wa KIA, teremka Mererani. Mwamba wanaouchimba wanaapolo wakitafuta tanzanaiti una zaidi ya miaka milioni 550, yaani umeitangulia hata Kambria. Mwamba mkongwe wa aina hiyo ndio uliobeba mlima wetu. Vya katikati viko wapi? Vipindi 10, Kambria hadi Paleojini, huku kwetu huvioni: ama tabaka zake zilimomonyoka, ama hazikuwahi kulala hapa. Jurasiki ukiitaka, nenda Tendaguru, Lindi, ilikotoka mifupa ya dinosaria iliyoko Berlin.

Asiyeujua mfuatano ataokota jiwe jeusi la volkano na jiwe la Mererani linalometameta, aone mawe mawili tu. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopotea kati yake hataihisi.

Ninachogombana nacho ni orodha kufika kabla ya jiwe. Nilipofungua daftari la mpwa wangu nikakuta Kambria imeandikwa juu kabisa, Kwatenari chini. Nikaligeuza kichwa chini. "Gunia la kwanza ghalani linakaa wapi?"

"Chini, mjomba." Akalitazama kidogo. "Nauli ya Mererani ni shilingi ngapi?"