Sheria tunayo, bikoni ndiyo haionekani
Ndugu mwandishi, umesema msitu wa Jozani, hapa Unguja, unahitaji sheria mpya. Mimi naona Sheria ya Misitu ya Zanzibar Namba 10 ya 1996 inatosha kwa kuanzia, maana imewapa wanavijiji nafasi ya kuwekeana makubaliano na serikali na kuutunza msitu wenyewe. Kinachokosekana ni utekelezaji. Shamba letu limepakana na msitu. Asubuhi kima punju wanashuka, wanachuma majani machanga ya mti wa mkungu, kisha wanaingia kwenye kunde. Bikoni, yaani alama ya mpaka wa msitu, imemezwa na magugu. Mama anawafukuza kwa kugonga sufuria, mawe harushi, kwani asili yao ni visiwa vya Zanzibar tu, duniani kote hakuna pengine. Sasa hasara ya kunde zake anailipa nani?