Mama Mkwe Aliomba Sendofu

Mama mkwe alipiga simu Jumatano kutoka Muheza. Anakuja Jumamosi, na safari hii hataki kupelekwa feri kununua samaki wala hataki kuzungushwa Kariakoo. Anataka jambo moja tu: aone video ya sendofu ya binti yake wa mwisho.

Sendofu yenyewe alikuwepo. Lakini mama wa mtoto siku hiyo haoni kitu. Anaona masufuria, anaona wageni watano walioingia na kadi moja, anaona mpishi anayedai kuku wamepungua. "Mtoto wangu anaingia ukumbini, mimi niko jikoni nahesabu mapaja," alisema. "Nasikia wewe umeiweka yote kwenye mtambo."

Alisikia kwangu. Nilikuwa nimemtangazia kila mtu habari za mtambo, mpaka muuza genge alikuwa anaujua.

Mtambo wenyewe ni kisanduku cheusi, ukubwa wa mkate wa boflo. Ndani kuna diski moja, nyuma kuna tundu la umeme na tundu la waya wa kwenda kwenye rauta. Ukishakichomeka, simu, laptopu na runinga zote za nyumbani zinachota humo picha na video, bila intaneti, bila bando. Maofisini wanavyo vyenye diski nne au nane, moja ikifa zilizobaki zinashika kazi. Changu kina moja. Ikifa, tunafunga turubai.

Nilikinunua Kariakoo, mtumba wa Ulaya, elfu tisini pamoja na diski yake. Kijana wa duka alinikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Bosi, hapa umechukua seva." Neno seva lilinipanda kichwani. Nikakipa jina kwenye mtandao wa nyumbani: STOO. Nikawakalisha mke na watoto sebuleni nikawaeleza kuwa kuanzia leo hakuna picha itakayopotea katika ukoo huu.

Usiku huohuo nikaanza kuijua Stoo. Diski imeandikwa terabaiti 1, laptopu inasoma gigabaiti 931. Nikadhani nimepunjwa, kumbe ndivyo ilivyo duniani kote: kiwandani wanahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, na tofauti inaanguka upande wa mnunuzi. Wakulima wa viazi wanalia na lumbesa, gunia linalotunishwa mpaka linaota kichwa. Huku kwenye diski gunia limeandikwa kilo mia, ukilipima unakuta tisini na tatu, na hakuna wa kumlilia.

Halafu mwendo. Kwenye boksi iliandikwa 100, nikafurahi. Ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa kwa 8 upate 12.5, toa ushuru wa njiani ubaki na kama 11, na hiyo ni kwa waya. Mimi natumia waifai, na rauta iko chumbani kwa sababu ndiko fundi wa faiba alikotoboa ukuta. Kwa hiyo mpaka data ivuke kuta mbili na mgongo wa friji, nilikuwa napata megabaiti 3 kwa sekunde siku ikiwa njema. Kuhamisha gigabaiti 380 za picha na video za ukoo kulichukua muda wa saa 35. Laptopu iliwekwa mezani kama mgonjwa, watoto wanapita kwa kunyata.

Akili yake ya kufanyia kazi, yaani RAM, nayo ni megabaiti 128. Simu ya mama mkwe, ile yenye kioo kilichopasuka umbo la mti, ina mara 16 ya hiyo. Ukifungua ukurasa wa kuiendesha Stoo, unabonyeza, unakwenda kubandika chai, unarudi ndiyo kwanza inakuuliza wewe ni nani. Na saa yake haina betri inayofaa: umeme ukikatika tu, inaamka ikiamini leo ni tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Kompyuta nyingi huhesabu muda kuanzia siku hiyo, kwa hiyo ikipotewa na fahamu inarudi utotoni.

Haya yote nilikuwa nayajua kufikia ile Jumatano. Nikamjibu mama mkwe, "Mama, wewe njoo tu. Utaangalia kwenye runinga kubwa, kama sinema."

Jumamosi akafika na kikapu cha machungwa, nazi iliyopasuliwa tayari, na redio yake ndogo inayocheza fleshi. Shikamoo, marahaba, pole na safari, nishapoa. Jirani wawili wakaja kumsalimia, wakasikia kuna sendofu, wakakaa. Mke wangu akaleta kashata. Mimi nikasimama mbele ya runinga nikiwa na rimoti, nikatoa maelezo ya utangulizi ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nikafungua orodha ya video. *sendofu_kamili*, gigabaiti 11, saa nzima. Nikabonyeza.

Ukumbi ukatokea, taarabu ikapanda, mlango ukafunguliwa, bi harusi mtarajiwa akainua mguu wa kwanza kuingia. Mguu ukabaki juu. Katikati ya skrini kikatokea kiduara kinazunguka.

"Mbona kasimama?" akauliza mama mkwe.

"Inapakia, Mama."

Mguu ukashuka. Ukapanda wa pili, ukabaki juu.

"Miguu inamuuma?"

Mpiga video alirekodi kwa ubora wa hali ya juu, tulimlipa kwa ajili hiyo. Faili lake linataka megabaiti 3 kila sekunde bila kukosa. Stoo jioni ile, na friji likiwa limejaa na watu sita wameketi njiani, ilikuwa inatoa mbili na kidogo. Ni kumnywesha ng'ombe kwa kikombe cha kahawa. Maji yapo, lakini ng'ombe atakuangalia.

Tuliangalia hivyo kwa dakika kumi na mbili. Bi harusi alikuwa hajafika katikati ya ukumbi. Jirani mmoja akasema labda huo ndio mwendo wa kisasa.

Nikatafuta njia. Waya wa rauta ninao, mita 5. Kutoka chumbani mpaka runinga ni mita 9. Kuunganisha laptopu kwenye runinga haikuwezekana, tundu lake la HDMI mwanangu alililisha mkate mwaka juzi. Ndipo mama mkwe, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuona mengi, akachomoa fleshi kwenye redio yake.

"Weka humu, Baba Nuru. Si runinga ina tundu la fleshi?"

Fleshi ya gigabaiti 32, ndani kuna taarabu tupu, nafasi imebaki zaidi ya ishirini. Nikaichukua kwa aibu kidogo, kwa sababu lile ndilo lilikuwa jibu la maana kuliko yote tangu magharibi. Nikaenda na laptopu chumbani, nikavuta faili kutoka Stoo kulitia kwenye fleshi. Likakataa papo hapo: faili ni kubwa mno.

Kubwa vipi na nafasi ipo? Fleshi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Unaweza kujaza nyimbo elfu, lakini kitu kimoja kikubwa hakipiti mlangoni. Dawa yake ni kuifuta fleshi na kuipanga upya. Nikarudi sebuleni kuomba ruhusa.

"Ukifuta taarabu yangu," mama mkwe akasema, "na wewe nitakufuta."

Nikarudi chumbani kufikiria, na hapo ndipo nilipofanya kosa. Niliiacha runinga peke yake na kiduara chake.

Sasa lazima nikiri jambo. Ndani ya Stoo nilikuwa na folda la BINAFSI, lenye nywila ya herufi kumi na mbili. Ukilifungua kwa laptopu linakudai nywila. Ukilifungua kwa simu linakudai nywila. Nililala usingizi mwema kwa sababu ya ile nywila. Nisichokijua ni kwamba runinga haipiti mlango huo. Stoo ina kijiprogramu chake kinachozunguka usiku kucha kukusanya video zote za kwenye diski na kuzitangaza kwa runinga za nyumbani, na runinga haiulizwi jina wala nywila. Siku ya kwanza kiliniuliza kikusanye wapi, nikaweka alama "kote". Nilikuwa naharakisha kuiita seva.

Kwa hiyo orodha ile ya kwenye runinga ilikuwa ya video zote za nyumba nzima, kwa mpangilio wa herufi. Na runinga yangu ina tabia: ikisubiri sana faili moja, inakata tamaa, inaruka kwenye linalofuata.

Baada ya *sendofu_kamili* linafuata *siri*. Ndiyo. Nililiita siri, kwa herufi nne, nikaridhika.

Nikiwa chumbani nikasikia sauti yangu mwenyewe sebuleni. Sauti ya mwaka 2015, nyembamba, ya puani, inasema: "Mwanangu mimi hakuokotwa jalalani! Mkaja wangu uko wapi? Na kilemba cha baba yake?"

Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshachelewa. Kwenye runinga kubwa, kama sinema, nilikuwa mimi, usiku ule tuliporudi kupeleka mahari, ndani ya chumba cha kaka yangu. Nimejifunga kanga kichwani na nyingine kiunoni. Natembea kwa kuyumba hatua fupi fupi, mkono mmoja nyuma ya mgongo, kama anavyotembea mtu mmoja ambaye muda huo alikuwa ameketi mita mbili kutoka kwenye skrini. Kisha nikaketi kitini, nikapokea noti za kuigiza, nikalamba kidole na kuzihesabu. Nikamaliza, nikalamba tena, nikazihesabu kwa upande wa pili. Nyuma ya kamera kaka yangu anacheka mpaka picha inatikisika.

Na haikukwama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho. Video ya sendofu iliyolipiwa inaganda kila hatua. Upuuzi wangu, uliorekodiwa kwa simu ya bei rahisi, megabaiti 40 tu, ulitiririka kama maji ya bomba jipya.

"Bibi!" akapiga kelele Nuru, miaka saba, kwa furaha. "Baba anakuwa wewe!"

Nikabonyeza rimoti. Haikusikia. Nikabonyeza tena, betri zake ni zile za kuzipiga piga mgongoni, nikazipiga piga mgongoni. Kwenye skrini nikaanza hesabu ya tatu. Nikakimbia chumbani, nikang'oa waya wa umeme wa Stoo moja kwa moja ukutani, nikabaki nimeushika mkononi kama niliyeua nyoka.

Sebuleni sauti ikaendelea: "Mkaja si hela ya juzi na jana!"

Kumbe runinga inachota mbele kabla haijaonyesha, na faili likiwa dogo inakuwa imeshachota sehemu nzuri tu. Nilisimama pale chumbani na waya mkononi nikijisikiliza mpaka akiba ilipoisha. Nilipotoka, picha ilikuwa imeganda kidole kikiwa kwenye ulimi.

Hakuna aliyesema kitu. Jirani mmoja aliangalia kashata yake kwa makini sana. Mke wangu alikuwa amefunika uso kwa mtandio, mabega yanatetemeka, na sikuweza kujua ni kilio au ni kile kingine.

Mama mkwe aliinuka, akasogea karibu na runinga kwa hatua zake fupi fupi, mkono nyuma ya mgongo. Akainamisha kichwa asome maandishi.

"Hiyo kanga," akasema.

"Mama, naomba..."

"Hiyo ya kichwani. Imeandikwa 'Nani kama mama'."

"Ndiyo, Mama."

"Niliianika uani siku mliyokuja kuleta mahari. Jioni sikuiona. Nikamsingizia jirani yangu wa upande wa choo. Tumenuniana miaka miwili mimi na yule mwanamke."

Kaka yangu ndiye aliyeing'oa kambani kufungia sufuria la pilau tulilopewa la njiani. Nilifungua mdomo kumtaja, nikaona hakuna faida, kwenye video niliyeivaa ni mimi. Mama mkwe akasema amechoka na safari, akaenda kulala.

Stoo niliichomeka usiku. Kwa kuwa ilikatwa ghafla, ikaanza kukagua diski yake yote tangu mwanzo, taa inapepesa mpaka alfajiri. Nikafungua kumbukumbu zake nione imefika wapi. Ilikuwa inaandika tarehe 1 Januari 1970. Niliitazama tarehe hiyo kwa muda. Sikuwa nimezaliwa, na mahari sikuwa nimepeleka popote.

Asubuhi, wakati wa chai, mama mkwe akaweka fleshi yake mezani karibu na kikombe changu.

"Niwekee."

"Mama, sendofu haiingii. Nitatafuta mtu wa kuipunguza, nikuletee Muheza mwenyewe."

"Nani kakuuliza sendofu? Niwekee ile ya kanga. Nataka jirani yangu aione."

Megabaiti 40. Iliingia kwa sekunde kumi na tatu.