Bunduki ya Pauni 20

Baiskeli ya marehemu babu pale Tanga ilikuwa BSA, na mbele yake, chini ya usukani, palikuwa na nembo ya bunduki tatu zimesimamishwa zikiegemeana. Utoto wangu wote nilijiuliza bunduki na baiskeli wapi na wapi. Babu alikuwa na jibu lake: hilo ni onyo kwa wezi.

Nilikuja kuelewa nilipohamia Birmingham. Kumbe BSA ni Birmingham Small Arms, kiwanda cha silaha, na baiskeli na pikipiki zilikuja baadaye. Babu hakuwa mbali sana na ukweli.

Sasa Jumapili moja nilikuwa na shemeji kwenye gulio, lile ambalo watu hufungua mabuti ya magari yao na kumwaga takataka zote za stoo. Nikaiona. Bunduki ya upepo, kitako cha mbao kimechubuka kama goti la mtoto mtundu, chuma kimeingia kutu, na juu yake zile bunduki tatu za babu. Moyo ukanidunda. Mzee aliyekuwa akiuza akataja pauni 30, mimi nikasema 15, tukakubaliana 20. Alivyoipokea ile noti na kuitia mfukoni upesi upesi, hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Hapa Uingereza, ukishatimiza miaka 18 huna haja ya leseni kwa bunduki ya upepo yenye nguvu ndogo. Uskoti ni habari nyingine, huko tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti. Hata hivyo huwezi kutembea nayo mkononi kama umebeba muwa. Tukaivingirisha kwenye kanga iliyokuwa imetandikwa kiti cha nyuma cha gari la shemeji.

Mke wangu alipofungua mlango hakuiona bunduki. Aliona kanga.

"Hiyo si kanga yangu? Mbona ina kutu?"

Nikamweleza habari ya babu, baiskeli, historia ya viwanda vya Birmingham. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja: "Inapiga?"

Tukatoka uani. Nikaweka kopo la maziwa hatua kumi, nyuma yake gunia la mchanga, kwa sababu risasi ikivuka ua wa nyumba yako hiyo ni kesi. Nikaukunja mtutu, nikatia kirisasi, nikalenga, nikavuta.

Pwii.

Ilikuwa sauti ya mtu anayezuia chafya msikitini. Kopo halikutikisika. Kirisasi tulikikuta katikati ya njia, kimejilaza kwenye majani.

Jumatatu nikampelekea fundi wa bunduki. Akabandika kipande cha karatasi ya chooni pale mtutu unapokunjika, akavuta, karatasi ikapeperuka. "Inavuja hapa," akasema. Ndani springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma risasi. Yaani ni pampu ya baiskeli yenye hasira. Yangu hasira zilikuwa zimeisha. Springi imechoka, washa za kuzuia hewa isivuje zimekufa. Vipuri si ghali, akasema, ila saa yake moja ya kazi inaizidi bei bunduki yenyewe. Kama naitaka kwa mapenzi, nitengeneze mwenyewe. Lakini nisithubutu kutoa pini ya nyuma bila kuibana kwanza kwenye jiliwa.

Mimi nilisikia "nitengeneze mwenyewe". Mengine yalipita.

Shemeji ni fundi wa kila kitu isipokuwa kazi aliyoajiriwa. "Vipuri vya nini? Washa imekauka tu hiyo, itie mafuta." Tukamimina mafuta ya cherehani, tena kwa ukarimu. Nikalenga kopo, nikavuta.

Wallahi sijawahi kusikia mlio kama ule. Mtutu ukatoa moshi wa buluu kama daladala mbovu mlimani. Baadaye nilielewa: hewa ikigandamizwa ghafla hupata joto, na joto likikuta mafuta yanalipuka, kama ndani ya injini ya dizeli. Jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama tuko salama. Shemeji akamjibu tunachoma nyama.

"Umeona?" akaniambia. "Imepona!"

Tukapiga tena. Pwii.

Basi nikanunua springi na washa, pauni 24. Ndiyo, najua. Lakini ukishatoa 20, hizo 24 unaziona kama unaiokoa ile 20. Jumamosi jioni tukaingia jikoni. Jiliwa hatukuwa nayo, tukawa na kifua cha shemeji. Yeye ainame aigandamize kwa nyuma, mimi nitoe pini kwa msumari na nyundo. Nikagonga mara moja. Nikagonga mara ya pili. Shemeji akasema, "Ngoja, nakohoa."

Pini ilikuwa imeshatoka.

Kizibo cha nyuma kikaruka hadi kwenye king'ora cha moshi darini, king'ora kikaanza kulia. Springi ikazunguka hewani, nyeusi kwa grisi ya tangu enzi za babu, ikatua kwenye sufuria ya maharage ya nazi yaliyokuwa yanatokota. Kuna kitu cha tatu pia kiliruka, kikalia *ting* mahali fulani, lakini tulikuwa tunashughulika na king'ora. Hakikunyamaza mpaka shemeji alipokipiga kwa mwiko. King'ora kipya, pauni 12. Maharage sikuyapigia hesabu. Usiku ule tulikula mkate.

Springi mpya tuliitia wiki iliyofuata, kwa jiliwa ya kuazima. Bunduki sasa inapiga. Kopo bado zima, ila hilo ni tatizo langu, si la bunduki.

Juzi mke wangu akifagia nyuma ya friji akaokota sarafu imejaa grisi. Akaisugua kwa kanga, ile ile. Ilikuwa shilingi ya Kiingereza ya 1955, Malkia Elizabeth bado kijana. Fundi mmoja wa zamani aliiona springi imelegea, badala ya kununua mpya akaichomeka shilingi nyuma yake ili ikaze. Ndicho kile kilicholia *ting*.

Akaniwekea kiganjani.

"Haya, baba watoto. Angalau wamekurudishia chenji."