Fulana ya Diwani Juu ya Boneti

Jamani, ile fulana ya kampeni bado iko kazini. Uchaguzi umepita, ahadi zimepita, greda la kuchonga barabara ya mtaa ndilo halijapita. Fulana ipo, na asubuhi hii imeonekana kwenye kuoshea magari, juu ya boneti ya Harrier nyeusi, imegeuzwa tambara la kukausha maji. Sura ya mheshimiwa imefutika, zimebaki sharubu na neno "Chagua". Uchague nini tena, wakati tambara limeshakuchagulia?

Kuosha kwenyewe vijana wanajitahidi, tuseme haki. Presha ipo, povu lipo, sponji ipo hata kama ni nusu godoro. Balaa huanza maji yanapofungwa. Watu wanamlaumu bodaboda kwamba ndiye mchuna magari. Wapi! Bodaboda anakuchuna mara moja na unapata wa kumgombeza. Tambara linakuchuna kila Jumamosi kwa buku tano, na unaliachia chenji.

Rangi ya kiwandani, kuanzia praima mpaka juu, mara nyingi ni maikroni 100 hadi 150, na maikroni moja ni milimita uliyoigawa mara elfu. Klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalong'aa, ni 40 au 50 hivi. Unywele mmoja wa kichwani, kwa wale ambao bado wanazo, unakaribia 70. Yaani mng'ao wote unaotamba nao harusini ni mwembamba kuliko unywele, halafu unamkabidhi mtu fulana ya pamba yenye mchanga. Chembe moja ikinasa kwenye uzi, hilo si tambara tena, ni msasa. Na kwa kuwa mkono wa Mswahili ukishika tambara lazima uzunguke, mikwaruzo nayo inazunguka. Lisogeze gari juani uone utando wa buibui. Nyeupe na silva zinasitiri. Nyeusi haijui kusitiri, hasa ile nyeusi ya Toyota yenye namba ya rangi 202, laini utadhani imepakwa jana.

Sasa fuatilia safari ya tambara lile. Linaanzia kwenye rimu, kwa sababu rimu ndiyo iko karibu na kigoda. Kwenye rimu kuna vumbi la breki, na ndani yake mna chuma kilichosagika. Kutoka rimu linapanda mlangoni chini, kwenye tope lililokwepa presha, kisha dirishani, kisha paa. Linapanda vyeo haraka kuliko mwenye sura yake. Katikati ya safari linadondoka mchangani. Kijana analiokota, analikung'uta pa! pa!, anaendelea.

"Dogo, limedondoka hilo."

"Limedondokea upande wa pili, bosi."

"Upande upi?"

"Wa mheshimiwa."

Mwenye gari anavuta pumzi. "Lisuuze basi." Linatumbukizwa kwenye ndoo ambayo tangu alfajiri imeshasuuza magari sita, maji yake ukimwagia mchicha unachipua. Linakamuliwa kwa nguvu zote, maji meusi yanatiririka. "Safi sasa, mkuu."

Hapo mwenye gari anajivika heshima, anafungua buti, anatoa taulo la maikrofaiba kama mtu anayetoa vyeti. "Kijana wangu, hili ndilo la kukaushia. Linapimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, hili ni la 800. Chini ya 600 utakamua mpaka Magharibi. Asilimia 80 poliesta, 20 poliamaidi. Lebo nimeshaikata, maana lebo inakwaruza. Na nililifua kabla ya kulitumia."

"Nimekuelewa, mzee."

Mzee! Dakika mbili zilizopita alikuwa bosi.

"Hulisugui. Unalitandaza juu ya paa kama unatandika shuka, unashika pembe mbili, unalivuta taratibu lije kwako. Usikandamize, uzito wake unatosha. Kwenye kona na mikunjo unalibandika na kulibandua. Likidondoka chini, kazi yake imeisha leo. Unaanza paa, vioo, boneti, buti, ubavu wa juu. Kule chini kwenye tope, kitambaa kingine. Rimu, kingine tena."

"Vitatu?"

"Vitatu."

"Kwa buku tano?"

Swali hilo halijapata jibu mpaka sasa. Mwenye gari anajifanya ameitwa kwenye simu, anavuka barabara kwenda kula chapati na maharage. Anarudi, gari limekauka, limependeza. Kijana amechuchumaa kwenye tairi ya nyuma, ana tabasamu la mtu aliyegundua dhahabu. Taulo liko mkononi. Lilikuwa la samawati. Linapaka dawa ya tairi.

"Mzee, hiki kitu umeleta! Kinashika dawa kuliko fulana."

Hapo ndipo heshima inapoisha, maana dawa ya tairi ina silikoni au mafuta, na ikishaingia kwenye nyuzi kuitoa ni shida. Taulo hilo ukilipitisha kwenye kioo cha mbele, mvua ya usiku itakuonyesha taa zote za mji zikiwa zimepakwa siagi. Hilo limestaafu rasmi. Libaki na rimu, na litengwe.

Na kinachouma ni kwamba ufundi wenyewe uko kwenye kutoligusa gari. Ukimaliza kusuuza, unachomoa ile pua ya presha, unaacha mpira mtupu, unamwaga maji taratibu kuanzia paa. Kama gari lina waksi, maji yanavutana, yanashuka kama pazia, na sehemu kubwa yanaondoka yenyewe. Yaliyobaki, mwenye uwezo anayapuliza na bloa, ile mashine ya kupeperushia majani ya bustani. Si kompresa ya fundi tairi, tafadhali, inatema mafuta na maji ya kutu. Mwisho unapuliza spreyi ya waksi mara mbili kwa kila upande ili taulo liteleze. Ni hayo tu. Ila nenda kamwambie mtu achomoe presha aliyoilipia umeme.

Lile shami, kitambaa cha ngozi cha kukaushia, ni bapa, mchanga ukiingia chini yake hauna pa kujificha, unakuwa chaki ya kuchorea. Ile wipa ya mpira ya kuvuta maji ni hivyo hivyo, ila yenyewe inachora mstari ulionyooka kwa rula. Na wewe unayekausha kwa kukimbiza gari barabarani, vumbi la daladala linakusubiri ulivyo mbichi.

Jua nalo. Maji ya kisima kwetu yana chumvi na chokaa. Boneti ikiwa ya moto, maji yanakauka kabla taulo halijafika, madini yanabaki, gari linatoka na madoa ya duara kama lina mba. Weka kiganja kwenye boneti, kikikimbia, subiri kivuli. Doa bichi linaondoka kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, unafuta kidogo, unasuuza vizuri. Likishaila klia ni polishi, na polishi nayo inakula klia. Tumerudi kwenye unywele.

Na usisahau saitimira, vitasa, kifuniko cha mafuta na kibao cha namba. Humo maji yanajificha, yanakutazama unavyomaliza, dakika kumi baadaye yanalia machozi mlango mzima. Fungua milango na buti, futa pembezoni. Ukiondoka, kanyaga breki taratibu mara kadhaa zikauke.

Halafu unafika nyumbani. Taulo jipya, umenunua tena, unalikuta kwenye kamba linanukia maua. Wametia ile dawa ya kulainisha nguo! Kwa nia njema kabisa. Dawa ile inazipaka nyuzi, taulo linakuwa laini kama shavu la mtoto na halinywi maji hata tone, linayasukuma tu. Sabuni ya maji kidogo, maji ya uvuguvugu, lisichanganywe na mataulo ya pamba maana litabeba manyoya yote ya nyumba. Hayo yamesemwa. Yameandikwa hata kwenye ndoo. Ndoo imehamishiwa jikoni, ina viazi.

Na siku mbili baadaye, gari likishashika vumbi, anapita mtoto wa mtu na kidole chake, anakanyagia mchanga kwenye klia, anaandika kwenye buti: NIOXHE.

Kwa X!